Kifo cha Yasser Arafat: Kati ya Dhana na Hakika

Ndugu msomaji, ukilitaja jina la Yasser Arafat katika baraza la watu wanaofuatilia mambo ya dunia, haitapita muda mrefu kabla ya mmoja wao kukwambia kwamba kiongozi yule wa Wapalestina aliuawa kwa sumu. Atalisema jambo hilo kwa uthabiti, kana kwamba alikuwapo. Mwingine atamkatiza na kusema kwamba hizo ni porojo, mzee alikufa kwa maradhi tu. Wote wawili husema zaidi ya yale wanayoyajua. Basi ni vyema tuyapitie maisha ya mtu huyu na mauti yake kwa utaratibu, upate kuona elimu inaishia wapi na dhana inaanzia wapi.

Arafat alizaliwa mwezi wa Agosti, mwaka 1929. Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba alizaliwa Yerusalemu, lakini hati zinaonyesha kwamba alizaliwa Cairo, nchini Misri, ambako baba yake, Mpalestina mwenye asili ya Gaza, alikuwa akifanya biashara. Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka minne, naye akapelekwa Yerusalemu kulelewa na jamaa wa upande wa mama, kisha akarudishwa Cairo. Huko alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu, akawa kiongozi wa umoja wa wanafunzi wa Kipalestina. Mwaka 1957 alikwenda Kuwait kufanya kazi ya uhandisi, na akiwa huko yeye na wenzake wakaanzisha chama cha Fatah. Wafuasi wake walimwita Abu Ammar.

Mwezi wa Machi 1968 wapiganaji wake walipambana na jeshi la Israeli katika kijiji cha Karameh, nchini Jordan, na jina lake likaenea katika nchi zote za Kiarabu. Februari 1969 akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa Chama cha Ukombozi wa Palestina. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhama kutoka nchi hadi nchi. Alifukuzwa Jordan baada ya vita vya 1970 na 1971, akahamia Lebanon. Mwaka 1982 majeshi ya Israeli yakamtoa Beirut, naye akaenda Tunisia. Huko nako, Oktoba 1, 1985, ndege za Israeli ziliyapiga mabomu makao yake, yeye akasalimika. Aprili 1992 ndege aliyopanda ilianguka katika jangwa la Libya. Baadhi ya waliokuwa naye walikufa, yeye akatoka mzima.

Ni haki ukumbuke pia kwamba watu hawakumwona kwa jicho moja. Kwa Wapalestina wengi alikuwa baba wa taifa lisilo na nchi. Kwa Waisraeli wengi alikuwa mtu aliyebeba dhambi ya damu ya raia waliouawa katika mashambulio ya makundi yaliyokuwa chini ya mwavuli wa chama chake. Novemba 13, 1974 alihutubia Umoja wa Mataifa. Septemba 13, 1993 alipeana mkono na Yitzhak Rabin mjini Washington. Na mwaka 1994 wao wawili pamoja na Shimon Peres walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Julai ya mwaka huohuo alirejea Gaza, na Januari 1996 akachaguliwa kuwa rais wa Mamlaka ya Palestina. Lakini amani ile haikukomaa. Mazungumzo ya Camp David ya 2000 yalivunjika, machafuko yakazuka upya, na tangu mwisho wa 2001 akazingirwa katika makao yake mjini Ramallah.

Humo ndimo ugonjwa ulimomkuta. Oktoba 12, 2004, baada ya kula chakula, alishikwa na kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara. Hali yake ilizidi kuwa mbaya, na Oktoba 29 akasafirishwa kwa ndege hadi hospitali ya kijeshi ya Percy, karibu na Paris. Madaktari waliona kwamba damu yake imeharibika katika kuganda kwake. Walitafuta chanzo, pamoja na sumu, wasikipate. Novemba 3 alipoteza fahamu, na Novemba 11 akafariki kwa kiharusi cha kuvuja damu ubongoni, akiwa na umri wa miaka 75. Kesho yake aliswaliwa Cairo na kuzikwa Ramallah. Alikuwa ametamani kuzikwa Yerusalemu, lakini Israeli ilikataa.

Sasa shika neno hili, kwani ndilo msingi wa yote yaliyofuata: maiti yake haikufanyiwa uchunguzi kabla ya kuzikwa. Madaktari walijua ni nini kilichomuua mwishoni, lakini hawakujua ni nini kilichouanzisha ugonjwa. Katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi, dhana iliingia na kukaa.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2006, Alexander Litvinenko, aliyekuwa afisa wa ujasusi wa Urusi, alikufa mjini London kwa sumu ya poloniamu. Kitu hiki kiligunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Mionzi yake ni dhaifu kwa nje. Karatasi moja, au ngozi ya mtu, huizuia. Lakini kikiingia mwilini kwa chakula au kinywaji, chembe isiyoonekana kwa macho yatosha kuua. Tena vipimo vya kawaida vya mionzi havikigundui kwa urahisi. Kwa Litvinenko kilipatikana kwa sababu wataalamu walikitafuta hasa, naye angali hai.

Habari hiyo ikawafanya watu wamkumbuke Arafat. Mjane wake, Suha, alikuwa bado amehifadhi mkoba wenye nguo na mswaki wa marehemu. Vitu hivyo vilipelekwa kwa wataalamu wa mionzi mjini Lausanne, Uswisi, na Julai 2012 wakatangaza, kupitia televisheni ya Al Jazeera, kwamba wameona ndani yake poloniamu nyingi kuliko kawaida. Mahakimu wa Ufaransa wakafungua uchunguzi wa mauaji, na Novemba 27, 2012 kaburi likafukuliwa. Vipande vya mwili vikagawiwa wataalamu wa Uswisi, Ufaransa na Urusi.

Hapa, ndugu msomaji, yatazame matatizo waliyokabiliana nayo. Poloniamu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 138 hivi. Katika miaka minane iliyopita tangu kifo, nusu hizo ni 21. Ni kama mtu aliyekuwa na shilingi milioni mbili, akabakiwa na shilingi moja. Tena ardhi yenyewe hutoa gesi ya radoni, ambayo hatimaye huzaa poloniamu kwa njia ya asili. Swali likawa: shilingi hii moja ni salio la mali ya kale, au imeokotwa njiani?

Novemba 2013 Waswisi walisema kwamba katika baadhi ya mifupa poloniamu ilifikia hata mara 18 ya kiwango cha kawaida, na kwamba matokeo yao yanaiunga mkono kwa kiasi hoja ya sumu. Hawakusema kwamba wamethibitisha. Mwezi uliofuata Warusi wakasema kifo kilikuwa cha kawaida, nao Wafaransa wakasema poloniamu ile yaelezeka kwa mazingira ya kaburi. Wengine walikumbusha kwamba nywele zake hazikunyonyoka, ilhali kunyonyoka nywele ni dalili ijulikanayo ya madhara ya mionzi mikali. Israeli ilikana kuhusika tangu mwanzo. Septemba 2015 mahakimu wa Ufaransa waliifunga kesi kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Mjane na binti wakakata rufaa wasifanikiwe, na mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikayakataa malalamiko yao.

Basi tuseme nini? Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kumtahadharisha mtu, haifai kumhukumu. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, imewaonya waaminio juu ya dhana, na kuwataka wachunguze habari kabla ya kuifanyia kazi. Na katika sheria ya Kiislamu ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Hukumu hii haibadiliki kwa sababu marehemu alipendwa, wala kwa sababu mtuhumiwa anachukiwa.

Lakini onyo hilo lina upande wa pili, nao husahauliwa. Kumkataza mtu asidhani hakumruhusu mwingine afiche. Mjane aliyeuliza mumewe amekufa kwa nini hakuwa mzushi. Alidai haki yake. Laiti uchunguzi kamili ungefanywa Novemba 2004, pengine lingepatikana jibu: ama kosa lingefichuka, ama asiye na hatia angetakasika mbele ya watu. Uchunguzi ulipocheleweshwa, walidhulumiwa wote wawili, maiti na mtuhumiwa.

Kwa hiyo utakapoulizwa barazani kama Arafat aliuawa kwa sumu, usione haya kujibu kwamba shaka ilikuwapo, ilipimwa, wapimaji wakahitilafiana, na mahakama haikupata ushahidi. Jibu hilo halitawaridhisha wengi. Lakini ni jibu unaloweza kulitolea ushahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, na hilo lakutosha.