Georg Calixtus, Mwalimu Aliyetafuta Umoja wa Kanisa

Habari za Luther na Melanchthon mmekwisha kuzisikia, lakini jina la Georg Calixtus si wengi walijualo. Alizaliwa mwaka 1586 huko Medelby, katika nchi ya Schleswig. Baba yake, mchungaji, alikuwa amefundishwa na Melanchthon mwenyewe. Kijana akasoma Helmstedt, kisha akasafiri Uholanzi, Uingereza na Ufaransa, akaonana na wataalamu wa Kikatoliki na wa Calvin uso kwa uso. Mwaka 1614 akafanywa mwalimu wa elimu ya Mungu katika chuo kikuu cha Helmstedt, akakaa katika kazi hiyo hata kufa kwake.

Mwaka 1618 vita vikaanza katika Ujerumani, vikadumu miaka 30. Wakristo waliuana, na wengi walidai ni kwa ajili ya imani. Hata Helmstedt vita vilifika, na tauni pia, wanafunzi wakatawanyika. Calixtus akazidi kuchunguza vitabu vya mababa wa kanisa. Mwaka 1629 alichapisha upya kitabu cha Vincent wa Lérins, mtawa wa karne ya 5, kifundishacho jinsi ya kuipambanua imani ya kanisa zima na uzushi. Naye alishika neno hili: mambo ya lazima kwa wokovu yamo katika Maandiko, na Imani ya Mitume yayakusanya kwa ufupi, kanisa la karne 5 za kwanza liliyashuhudia. Juu ya msingi huo Wakatoliki, Walutheri na wafuasi wa Calvin wangeweza kusemezana bila kulaaniana.

Wala tusidhani kwamba alilegea. Mwaka 1631 aliandika kitabu kupinga amri ya mapadre wasioe, na mamlaka ya Papa hakuyakubali kamwe.

Mwaka 1645 mfalme wa Poland aliita mkutano wa makanisa katika mji wa Thorn. Walutheri waliokuwako walimkataa Calixtus asiwe msemaji wao, naye akawasaidia wafuasi wa Calvin. Jambo hilo liliwachoma sana. Abraham Calov, aliyekuwa mpinzani wake huko Thorn na baadaye mwalimu wa Wittenberg, aliandika mwaka 1655 ungamo jipya la mafundisho 88 la kumpinga. Swali la wapinzani hawa halikuwa la kipuuzi: ikiwa karne 5 zatosha, Ungamo la Augsburg lina kazi gani? Majibu ya Calixtus hayakuwaridhisha. Lakini kumwita mfuasi wa Papa kwa siri, sisi twaona ni kumdhulumu.

Alikufa tarehe 19 Machi 1656. Mwanawe Friedrich Ulrich, aliyefundisha chuo kile kile, akasimama kumtetea babaye, na mabishano yakaendelea miaka mingi.