Aliwaambia madaktari wanawe mikono, mwisho akafungiwa

Hebu fikiria hivi. Una uchungu wa kuzaa. Umefika hospitali kubwa kuliko zote mjini, matibabu ni bure, madaktari ni wasomi wa kutajika. Halafu unapiga magoti ukilia, unaomba usiingizwe wadi ya hao madaktari. Unataka upelekwe wadi ya pili, ile ya wakunga.

Si mchezo wa kuigiza huu. Ni Vienna, mji mkuu wa Austria, miaka ya 1840. Hospitali Kuu ya mji huo ilikuwa na wadi mbili za kujifungulia. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili ikafundisha wakunga. Siku ya kulazwa ndiyo iliyoamua unaangukia wapi: leo zamu ya wadi hii, kesho ya ile. Na akina mama wa mjini walishajua siri. Kati ya 1841 na 1846, wadi ya madaktari ilizika karibu wazazi 10 kwa kila 100. Ya wakunga haikufikisha 4. Kuna waliochagua kujifungulia njiani, na utashangaa, waliojifungulia njiani hawakuugua sana kama wale wa wadi ya kwanza.

Kilichowaua ni homa ya uzazi. Mama anajifungua salama, siku mbili tatu joto linapanda, tumbo linavimba, anaaga dunia. Mara nyingine na mtoto pia.

Katikati ya hayo mauti ndipo nataka ukutane na Ignaz Semmelweis.

Alizaliwa Julai 1, 1818 mjini Buda, sehemu ya jiji ambalo leo linaitwa Budapest, nchini Hungaria. Babake alikuwa na duka. Mwaka wa 1837 kijana akatumwa Vienna kusomea sheria. Muda si muda akaiacha, akahamia udaktari. Sisi tulioacha kozi katikati tunaelewa hiyo hali, ingawa yeye angalau alipata nyingine akaimaliza, mwaka wa 1844! Miaka miwili baadaye akawa msaidizi wa profesa katika ile wadi ya kwanza. Ndiyo, ile ya kuogopwa.

Wenzake walikuwa na majibu tayari. Hewa mbaya. Msongamano. Woga wa akina mama wenyewe. Wengine walidai ni ile kengele ya kasisi, kwamba alipopita wadini kwenda kuombea anayekata roho, wengine walishtuka wakaugua. Semmelweis akaanza kupima sababu moja baada ya nyingine. Hewa? Wadi zote mbili ziko pamoja, hewa ni ile ile. Msongamano? Wadi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi, maana kila mtu aliikimbilia. Kengele? Akamwomba kasisi apitie njia nyingine bila kuipiga. Vifo havikupungua hata kidogo.

Kisha Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, akafa. Alikuwa profesa aliyefundisha uchunguzi wa maiti. Mwanafunzi alimkata kidole kwa kisu bahati mbaya wakati wanapasua maiti. Kidonda kidogo tu. Semmelweis alikuwa ametoka safarini Venice aliposoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, na alichokiona humo ni kile alichokiona kila siku kwa wazazi waliokufa. Ugonjwa mmoja.

Hapo ndipo akaelewa. Kila asubuhi madaktari na wanafunzi walikuwa mochari wakipasua maiti. Wakitoka huko wanasuuza mikono kwa maji na sabuni, na bado inanuka, kisha wanaingia wadini kupima akina mama. Wakunga hawakupasua maiti. Kumbe mauti ilikuwa inabebwa kwa mikono, kutoka chumba hiki hadi kile.

Na sasa sikiza sehemu inayonifanya nimheshimu huyu msee. Mtu aliyepasua maiti nyingi kwa bidii, akitafuta kiini cha homa ile, alikuwa yeye mwenyewe. Kadiri alivyochapa kazi kuwaokoa, ndivyo alivyowaua. Angeweza kukaa kimya. Nani angejua? Lakini baadaye aliandika waziwazi kwamba Mungu peke yake ndiye anayejua idadi ya wanawake waliokwenda kaburini kabla ya wakati kwa sababu yake. Alijishtaki kabla ya kumshtaki mtu yeyote.

Katikati ya Mei 1847 akaweka amri mlangoni: hakuna kuingia wadini bila kunawa kwa maji yenye klorini. Ni jamaa wa karibu wa ile Jik unayotumia kwa nguo nyeupe. Hakuwa anajua lolote kuhusu viini vya magonjwa, maana sayansi hiyo haikuwa imefika hapo. Alichagua klorini kwa sababu iliondoa harufu ya maiti, basi.

Angalia hesabu. Aprili 1847, kabla ya amri, wazazi 57 kati ya 312 walikufa. Julai walikufa 3 kati ya 250. Mwaka uliofuata, Machi na Agosti, hakufa hata mmoja.

Lakini hata yeye alijifunza kwa uchungu. Oktoba 1847 mgonjwa mwenye saratani ya kizazi alilazwa kitanda cha kwanza. Madaktari walimpima, wakanawa kwa sabuni tu, wakaendelea na kitanda kinachofuata. Wanawake 11 kati ya 12 waliopimwa baada yake wakafariki. Ikabidi amri iongezwe: kunawa kwa klorini baada ya kila mgonjwa, awe hai au maiti.

Ungedhani baada ya hapo atabebwa juu juu. Wapi! Mkubwa wake, Profesa Johann Klein, hakufurahia. Madaktari wengi walichukizwa kuambiwa mikono yao ni michafu. Wao ni watu wa heshima bwana, wataambiwaje wanaua? Na ukweli wenyewe ulikuwa mzito kuubeba. Gustav Michaelis, daktari wa Kiel huko Ujerumani, aliuamini. Alikuwa amemzalisha jamaa yake wa karibu, na mwanamke huyo akafa kwa homa hiyo. Alipoelewa ni nini kilitokea alilemewa na majuto, akajitoa uhai mwaka wa 1848.

Mwaka wa 1849 Semmelweis akapigwa kalamu, yaani mkataba wake haukuongezwa. Mwaka uliofuata akaondoka Vienna ghafla, hata marafiki waliompigania hakuwaaga. Akarudi kwao. Katika hospitali ya St. Rochus mjini Pest, kati ya 1851 na 1857, wazazi 933 walijifungua chini yake na 8 tu ndio waliokufa kwa homa ile. Kazi ilijionyesha yenyewe.

Sitamfanya malaika lakini. Alikuwa na makosa yake, na yaligharimu maisha ya watu. Alikawia kuandika. Kitabu chake kilitoka 1861, miaka 14 baada ya kugundua. Muda wote huo waliotaka kumwelewa walitegemea habari za marafiki zake. Na alipoanza kuandika, aliandika kwa hasira. Alituma barua za wazi kwa maprofesa wakubwa wa Ulaya akiwaita wauaji. Ukimwita mtu muuaji mbele ya watu, hata kama una haki, masikio yake yanaziba.

Akaanza kubadilika. Mazungumzo yote yakawa ya homa ya uzazi, tabia zikawatisha jamaa zake. Julai 30, 1865 rafiki yake wa zamani, Daktari Ferdinand von Hebra, akamchukua Vienna akimwambia wanaenda kuona taasisi mpya ya matibabu. Kumbe ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Semmelweis alipong'amua akataka kutoka. Walinzi wakamshika, wakampiga vibaya, wakamfunga na kumtia kwenye chumba cha giza. Wiki mbili baadaye, Agosti 13, alikufa. Kidonda kilikuwa kimeoza na sumu imeingia damuni. Alikuwa na miaka 47. Aliuawa na ugonjwa wa ukoo ule ule aliopigana nao.

Mtu aliyetetea wagonjwa alikufa akiwa mgonjwa asiye na haki hata moja. Alidanganywa, hakuulizwa kama amekubali kulazwa, akapigwa na watu waliopaswa kumtunza. Miaka michache baadaye kazi za Louis Pasteur wa Ufaransa na Joseph Lister wa Uingereza zikaonyesha kwamba alikuwa sahihi. Leo chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kinaitwa kwa jina lake.

Sasa mbona nakusimulia haya ya Vienna?

Kwa sababu ya kaka yangu mdogo. Aligongwa na bodaboda, nikawa nampeleka kubadilishwa bandeji. Hospitali siitaji. Siku moja mhudumu alitoka kwa mgonjwa mwingine, akaja moja kwa moja kwa mguu wa kaka yangu na glavu zile zile. Niliona. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilijiambia mimi ni nani, mtu aliyeacha chuo, nimwambie aliyesomea kazi yake? Wiki hiyo kidonda kikaanza kutoa usaha. Labda ni zile glavu, labda sivyo. Mguu ulipona, lakini ule ukimya wangu bado unanisumbua.

Wakati wa Semmelweis hakukuwa na sheria ya kumlinda yule mama aliyepiga magoti. Wewe unayo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inakupa haki ya huduma bora ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Sheria ya Afya ya 2017 inasema uhudumiwe kwa heshima, uelezwe hali yako, uombwe idhini kabla ya kutibiwa isipokuwa kwa hali chache kama dharura, na habari zako ziwekwe siri. Ukidhulumiwa una haki ya kulalamika. Kuna baraza linalosimamia madaktari na lingine la wauguzi, na kupokea malalamiko ni sehemu ya kazi yao.

Tusisahau pia kwamba wahudumu wetu wengi wanafanya kazi bila vifaa vya kutosha, wodi zimejaa, bomba limekauka. Daktari hawezi kunawa kwa maji ambayo hayapo. Hapo wa kuulizwa ni mwenye hospitali na serikali.

Lakini kuna jambo moja ambalo halihitaji bajeti. Kusema nimekosea. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wadi ya Vienna ni ushahidi. Kila mwezi madaktari walipokataa kuangalia mikono yao, akina mama wengine walizikwa.

Kwa hivyo ukiwa unasomea udaktari au uuguzi, mjue Semmelweis, na ujue pia pale alipokosea kwa kutukana badala ya kueleza. Na ukiwa mgonjwa, au umempeleka mamako kliniki, uliza kwa adabu: daktari, samahani, umebadilisha glavu? Mhudumu anayeijua kazi yake hatakasirika. Na akikasirika, uliza tena. Mimi siku ile sikuuliza.