Du Shi: Mkuu wa Jimbo Aliyeuachia Mto Kazi ya Mivukuto

Kwa mhunzi, nyundo huchosha, lakini mivukuto huchosha zaidi. Ukiacha kuvukuta, moto unashuka na chuma kinaganda. Leo tunamkumbuka Du Shi wa China, aliyeukabidhi mto kazi hiyo.

Mwaka 31 baada ya Kristo, Mfalme Guangwu alimteua kuongoza Nanyang. Hakuwa mtu wa kuchezewa. Huko nyuma, jemadari Xiao Guang aliwaachia askari wake wawanyanyase raia wa Luoyang. Du Shi akamwonya. Alipopuuza, akamuua, kisha akapeleka taarifa kwa mfalme, ambaye alimtunukia badala ya kumwadhibu.

Lakini kwa wakulima alikuwa na huruma. Nanyang ilikuwa ikisubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, ili kupata zana za shamba. Du Shi alibuni mivukuto inayoendeshwa na maji, watu wakapata zana nyingi kwa jasho dogo.

Mchoro tulionao wa mtambo wa aina hiyo ni wa Wang Zhen, wa mwaka 1313. Gurudumu limelazwa ndani ya mto, mhimili wake umesimama wima, na juu kuna gurudumu la pili lenye ukanda. Ukanda unazungusha kipande kinachosukuma na kuvuta fimbo ndefu, nayo fimbo inafungua na kufunga mivukuto. Mtambo kama huo unataka mwangalizi: tuta likivuja, maji hukosa nguvu, ukanda ukilegea, tanuri linapoa.

Du Shi alikarabati pia mabwawa ya jimbo na kupanua mashamba. Wenyeji wakamwona kama mama yao.

Faida ya maji inaonekana vizuri karne ya 3, Han Ji alipoueneza mtambo huo. Kabla yake, uyeyushaji mmoja ulitumia farasi 100. Kwa maji, faida ilifika mara tatu.

Mwisho wa Du Shi haukuwa safi, na hatuoni sababu ya kuuficha. Mwaka 38 aliitwa kujibu shtaka la kumtuma mtu alipize kisasi cha ndugu yake. Akaugua, akafa. Baada ya miaka saba ya uongozi hakuwa na shamba wala nyumba, hata pa kuwekea msiba hapakuwepo. Mfalme akaamuru msiba uwekwe katika nyumba ya serikali ya jimbo, akatoa na majora 1,000 ya hariri.