Roosevelt na Kiti cha Magurudumu

Wazee wetu hawakukosea waliponena kuwa hujafa hujaumbika. Leo nimependa kuwasimulia wasomaji habari za mtu aliyeyaonja maneno hayo mwilini mwake, naye ni Franklin Delano Roosevelt, Rais wa 32 wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 30 Januari, 1882, huko Hyde Park, jimbo la New York, katika nyumba ya kitajiri. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kupenda kuogelea na kuendesha mashua. Mwaka 1920 aligombea umakamu wa rais akashindwa, lakini wengi walimtazamia makubwa.

Agosti 1921, akiwa na miaka 39, mke na watoto watano, alikwenda kupumzika katika kisiwa cha Campobello, Canada. Siku moja alisaidia kuzima moto wa msituni, kisha akaogelea katika maji ya baridi. Jioni mwili ukamtetemeka. Asubuhi mguu mmoja ulikuwa dhaifu, na siku ya tatu hakuweza kusimama. Daktari wa kwanza alidhani ni mafua; wa pili, damu iliyoganda. Zilipita wiki mbili ndipo bingwa akatambua polio, maradhi yaliyohesabiwa kuwa ya watoto. Mwaka 2003 madaktari fulani waliandika kuwa huenda yalikuwa maradhi mengine ya neva, lakini Roosevelt aliishi na kutibiwa kama mgonjwa wa polio.

Mama yake alitaka arudi Hyde Park akae atunzwe. Mkewe, Eleanor, na rafiki yake Louis Howe walipinga. Walitaka arudi kazini. Nionavyo mimi, mtihani huo ulishinda homa yenyewe. Hata kwetu pwani wapo waliofungiwa ndani si kwa chuki bali kwa huruma, na huruma hiyo ikawa ndiyo kifungo chao.

Roosevelt alijifunza kusimama kwa vyuma vya miguuni na magongo. Oktoba 1924 alifika Warm Springs, jimbo la Georgia, penye chemchemi ya maji ya uvuguvugu, ambamo miguu yake ilipata wepesi. Mwaka 1926 alipanunua kwa sehemu kubwa ya mali yake, akapageuza mahali pa kuwatibu wenziwe. Hakupata tena kutembea bila msaada. Hata hivyo alichaguliwa gavana wa New York mwaka 1928, na rais mara nne, kuanzia 1932.

Lakini alificha. Wapiga picha walizuiwa kumpiga akibebwa au akiwa kitini, na raia wengi hawakujua ukubwa wa hali yake.

Tarehe 14 Februari, 1945, akitoka mkutano wa Yalta, alikutana na Mfalme Abdulaziz wa Saudia ndani ya manowari katika Ziwa Chungu Kuu, kwenye Mfereji wa Suez. Juu ya Palestina hawakuafikiana. Ila Mfalme naye alitembea kwa taabu kwa sababu ya majeraha ya vita, na Roosevelt akamzawadia kiti chake kimoja cha magurudumu. Mfalme alikienzi sana. Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Machi, Roosevelt alilihutubia Bunge la Marekani akiwa ameketi, akataja waziwazi uzito wa vyuma vyake. Alifariki Warm Springs tarehe 12 Aprili, 1945.

Mwaka 1938 alikuwa ameanzisha mfuko wa kupambana na polio, ambao watu wa kawaida waliuchangia kwa sarafu za senti kumi. Fedha hizo ndizo zilizogharimia utafiti wa Dakta Jonas Salk, na chanjo yake ilitangazwa kuwa imefaulu tarehe 12 Aprili, 1955, miaka kumi kamili baada ya kifo cha Roosevelt.

Basi tusikipime kupona kwa hatua za miguu peke yake. Miguu yake haikupona, lakini watoto wasiohesabika wanatembea leo kwa sababu ya chanjo hiyo. Mzazi anapompeleka mwanawe kutiliwa matone kinywani, naye anaendeleza kazi hiyo. Na aliye na ndugu mlemavu ndani, amfungulie mlango.