Wangila Alitaka Kuendelea

Ukisimama sokoni Kanduyi pale Bungoma uite Wangila kwa nguvu, watu kadhaa watageuka. Ni jina la Kibukusu, mtoto aliyezaliwa njiani mamake akiwa safarini. Lakini sema Wangila wa ngumi, uone vile wazee wataacha chai wakuangalie. Wanajua ni yupi. Wewe pengine hujui, na usione haya. Mimi mwenyewe nilimjua juzi tu, nimeshaacha chuo, niko Kitale namaliza bando usiku nikitazama video za zamani.

Robert Wangila Napunyi alizaliwa Nairobi mwezi Septemba 1967. Mwaka 1988, akiwa na miaka 21, alienda Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini, katika uzani wa welta. Si unajua Kenya na Olimpiki ni hadithi ya wakimbiaji? Mwaka huo Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi walileta dhahabu nne kutoka uwanjani. Ya tano ililetwa na huyu kijana wa ngumi. Kwenye fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani, na raundi ya pili Mfaransa akalala chini. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda dhahabu ya ndondi, na dhahabu zetu zingine zote zimetoka kwa riadha. Hebu fikiria hiyo vizuri.

Kuna kitu kwenye hizo video nataka ukiangalie: amevaa kofia ya kinga. Wakati ule bondia wa ridhaa alipigana raundi tatu tu, kichwa kimefunikwa. Ile kofia inazuia kupasuka ngozi, inalinda sikio, lakini haiwezi kuzuia ubongo usitikisike ndani. Ubongo ni laini na umeelea kwenye maji ndani ya fuvu. Ngumi ikiingia, kichwa kinageuka haraka, ubongo unachelewa kukifuata, halafu unavutwa na kugonga. Kofia au hakuna kofia.

Baada ya Seoul Wangila akahamia Marekani kupigana kwa pesa. Huko kofia hakuna, na raundi zinaweza kufika kumi au zaidi. Alipanda ulingoni mara 27 akashinda 22. Rekodi si mbaya, ila taji la dunia halikuja. Na hizo 27 ni zile zilizoandikwa tu. Bondia hupigwa zaidi kwenye mazoezi, siku baada ya siku, na hizo ngumi hakuna mtu huzihesabu.

Tarehe 22 Julai 1994 akapambana na David Gonzales mjini Las Vegas. Raundi ya tisa refa akaingilia kati na kusimamisha pambano. Wangila alikasirika. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, akilalamika kwamba amekatizwa, anataka kuendelea. Muda mfupi baadaye, akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akazimika. Madaktari walimfungua kichwa kuondoa damu iliyokuwa imeganda. Hakuamka tena. Alifariki tarehe 24, na miaka 27 ilikuwa bado kutimia.

Hapo kwa kulalamika ndipo nilirudisha nyuma mara nyingi kichwani mwangu. Mtu anabishana na refa, anaongea vizuri, na mshipa ushapasuka. Damu inavuja polepole kati ya fuvu na ubongo mpaka nafasi inaisha. Yeye mwenyewe hawezi kujua. Kile kiungo ambacho kingemwambia ameumia ndicho kimeumia.

Sasa, wengi hulieleza hili kama bahati mbaya ya usiku mmoja. Nusu ni kweli, damu kuvuja ghafla ni jambo moja. Lakini kuna lingine linalokuja bila haraka, la miaka mingi. Mwaka 1928, miaka 60 kabla ya Seoul, daktari Mmarekani Harrison Martland alikuwa ameshaandika juu ya mabondia wanaotembea wakiyumba kama walevi, ulimi mzito, akili imepotea. Mwaka 2002 Mwafrika mwenzetu, daktari Bennet Omalu kutoka Nigeria, alipasua ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyekufa na miaka 50. Webster alikuwa amechanganyikiwa kabisa miaka yake ya mwisho. Omalu alikuta ubongo umejaa protini inayoitwa tau, mabaki ya vichwa kugongana miaka na miaka. Huo ugonjwa huthibitishwa ukishakufa. Na si lazima uwe umeangushwa hata mara moja, yale mapigo madogo madogo pia huchangia.

Unaniuliza hii inakuhusu nini na wewe si bondia? Buda, wewe unacheza raga.

Mimi nilicheza raga nikiwa sekondari, kaunti ya Bungoma, shule sitaitaja. Siku moja goti la mtu lilinipata kwa kipaji. Nikamwagiwa maji, nikaulizwa kama niko sawa, nikasema niko sawa, nikarudi. Niliambiwa baadaye kwamba nilifunga trai. Siikumbuki. Tulicheka hiyo stori mwaka mzima, mpaka nilipomsoma Steve Thompson, Mwingereza aliyeshinda Kombe la Dunia la raga 2003. Mwaka 2020 alitangaza ana ugonjwa wa kupoteza akili akiwa miaka ya 40, na kwamba lile kombe hakumbuki kulishinda. Sikucheka tena.

Kwa hivyo Jumamosi mkicheza hapa Kitale, mwenzako akigongwa kichwa halafu aamke akisema yuko poa, usimuulize yeye. Mtoe nje, na siku hiyo asirudi. Ndivyo sheria ya raga yenyewe inavyosema kwa mechi za ngazi yetu. Na usimwache alale peke yake jioni. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, au akianza kuongea vitu havieleweki, tafuta gari mwende hospitali hata kama ni saa nane usiku. Atakasirika. Wangila pia alikasirika.

Na yule Boudouani aliyelala Seoul? Aliinuka, akaingia ngumi za kulipwa, na mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA. Wangila wakati huo alikuwa na miaka miwili kaburini.