Daktari John Gibbon na Mtambo wa Moyo

Wenzangu wanapoandika habari za watu mashuhuri katika gazeti letu, hupenda kuchagua wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua daktari. Jina lake ni John Heysham Gibbon, Mmarekani, ambaye mtambo wake ulikuwa wa kwanza kushika kazi yote ya moyo na mapafu ya mtu, madaktari wakaupasua moyo na mgonjwa akapona.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 29 Septemba, 1903, katika ukoo wa madaktari. Hata hivyo, alipokuwa chuoni alipenda zaidi kuwa mwandishi, akakaribia kuyaacha masomo ya udaktari. Baba yake alimshauri amalize kwanza. Akatii, akahitimu mwaka 1927. Sisi wa Kidato cha Nne, ambao kila siku tunaulizwa tutakuwa nini, twaweza kuielewa sana hali yake.

Mwaka 1930 alikwenda Boston kufanya utafiti chini ya Dk. Edward Churchill. Huko alipewa kazi ya kumwangalia mwanamke mmoja aliyekuwa amepasuliwa. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa mkubwa uendao mapafuni. Gibbon alikesha kando ya kitanda, na kila baada ya dakika 15 alipima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, akimwona mgonjwa anazidi kudhoofika. Asubuhi Churchill alimpasua akayatoa mabonge ya damu kwa muda wa dakika 6 na nusu tu, lakini mwanamke yule alifariki.

Hapa yafaa nieleze jambo lililomsumbua Gibbon. Moyo ni pampu. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni, na upande wa kushoto huisukuma mwilini. Pampu hiyo ikishindwa, shinikizo la damu hushuka, mikono na miguu hupoa, figo huacha kutengeneza mkojo, na ubongo uliokosa oksijeni huanza kufa kwa dakika chache. Gibbon alijiuliza kama damu ingeweza kutolewa nje ya mwili, ikatiwa oksijeni, kisha ikarudishwa mishipani, ili mgonjwa abaki hai mpaka moyo utengenezwe.

Wakubwa wake hawakumtia moyo sana. Aliyemwamini ni Mary, aliyekuwa mfanyakazi wa maabara ya Churchill, na ambaye alimwoa mwaka 1931. Mwaka 1934 wote wawili walirudi Boston, wakaanza kuunda mtambo kwa pampu kuukuu iliyonunuliwa kwa dola chache. Kwa kuwa walihitaji wanyama wa majaribio, walizunguka mitaani usiku na gunia na vipande vya samaki jodari, wakikamata paka. Mwaka 1935 waliuziba mshipa wa paka mmoja uendao mapafuni, na paka yule akabaki hai kwa nguvu ya mtambo.

Vita Kuu ya Pili ilikatiza kazi hiyo, maana Gibbon alikwenda kutumika jeshini. Mwaka 1946 akawa profesa katika Chuo cha Utabibu cha Jefferson, Philadelphia, na kampuni ya IBM ikampa mafundi wa kumsaidia. Katika mtambo mpya, damu ilitiririka kama utando mwembamba juu ya nyavu za chuma zilizozungukwa na oksijeni.

Mgonjwa wa kwanza, mwaka 1952, alikuwa mtoto wa miezi 15. Alifariki, kwa kuwa kasoro ya moyo wake haikuwa ile iliyodhaniwa. Kisha tarehe 6 Mei, 1953, aliletwa msichana wa miaka 18 mwenye tundu katika ukuta unaotenga vyumba vya juu vya moyo. Kwa dakika 26 mtambo ulifanya kazi yote ya moyo na mapafu yake, huku Gibbon akilishona tundu lile. Msichana alipona, akaishi zaidi ya miaka 40 baadaye. Alikuwa amenizidi mimi mwaka mmoja tu.

Lakini si siku hiyo iliyonifanya nimchague. Mwezi Julai mwaka ule ule aliutumia mtambo kwa watoto wawili wengine, na wote wawili wakafa. Sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea, naye angeweza kuendelea. Badala yake alisimamisha upasuaji huo. Daktari John Kirklin, wa Rochester katika jimbo la Minnesota, akaurekebisha mtambo ule, na mwaka 1955 akaanza kuutumia. Kati ya wagonjwa wake 8 wa kwanza, 4 waliishi.

Rafiki yangu mmoja hushikilia kwamba hapo Gibbon alishindwa. Mimi sikubaliani naye. Kufanya kazi miaka 20 ni saburi, lakini kuisimamisha kazi hiyo kwa ajili ya uhai wa watoto ni ushujaa mkubwa zaidi.

Leo wazo lake limefika mbali. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mioyo hupasuliwa kwa msaada wa mtambo wa namna hiyo. Kwingineko, mtu ambaye moyo wake umeishiwa nguvu ghafula huweza kuunganishwa na mtambo kwa siku kadhaa, au kutiwa pampu ndogo moyoni kupitia mshipa wa pajani. Hata mitambo hiyo hupimwa bila upendeleo. Mwaka 2023 utafiti wa Ujerumani na Slovenia ulionyesha kwamba kuwaunganisha mapema na mtambo wagonjwa wa namna hiyo hakukupunguza vifo. Mwaka 2024 utafiti mwingine ulionyesha kwamba pampu ndogo iliokoa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa uangalifu, ingawa iliongeza hatari ya kutokwa damu.

Gibbon alifariki tarehe 5 Februari, 1973, kwa mshtuko wa moyo, alipokuwa akicheza tenisi. Wenzangu mnaotaka kuwa madaktari, someni maisha yake yote, pamoja na mwezi ule wa Julai.