Visvesvaraya, injinia aliyefanya maji yajifungulie mlango

Vijana wetu wa shantie wanaona kwenye simu video za mashini zinazopanga matofali bila fundi, na wanauliza kama kazi yao itabaki. Swali hilo si la leo. Nchini India liliulizwa zamani, na mtu mmoja alilijibu kwa vitendo. Aliitwa Mokshagundam Visvesvaraya. Jina ni refu, hata kwao walilifupisha kuwa Sir MV.

Alizaliwa mwaka wa 1861 katika kijiji cha Muddenahalli. Baba alikufa yeye akiwa bado kijana, akajilipia masomo kwa kufundisha watoto wa wengine. Alisomea uinjinia Poona, kisha akaingia kazi ya serikali ya Waingereza kule Bombay.

Bwawa la Khadakwasla, lililopatia Poona maji, lilikuwa na shida: wakati wa mvua kubwa maji yalipita juu na kupotea, na kiangazi yalipungua. Kuongeza ukuta kungekula pesa mingi. Yeye akatengeneza milango ya chuma yenye mizani ya uzito. Maji yakipanda kupita kipimo, yanaifungua yenyewe, yakishuka, inajifunga. Hakuna mlinzi wa kuamka usiku, hakuna moteri. Ilifungwa mwaka wa 1903. Siku ya leo tungeiita otomatiki.

Mwaka wa 1908 mto Musi ulifurika Hyderabad na kuua maelfu ya watu. Wakaaji wa Uvira hawahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Visvesvaraya akaitwa, akashauri mabwawa mawili yajengwe juu ya mji ili kuzuia maji kabla hayajafika kwa watu. Yalijengwa: Osman Sagar na Himayat Sagar.

Lakini kazi yake kubwa ni bwawa la Krishna Raja Sagara, kwenye mto Kaveri, katika ufalme wa Mysore. Lilianza mwaka wa 1911. Mto huo ndio uliotoa umeme wa migodi ya dhahabu ya Kolar, na maji yakipungua, umeme nao unayumba. Simenti ilikuwa ngumu kupata. Basi ukuta ukajengwa kwa mawe na udongo wa kushikisha uliotengenezwa kwa chokaa na unga wa matofali ya kuchoma, kwa mikono ya wafanyakazi kama elfu kumi. Milango ya kujifungua ikawekwa pale pia. Kwangu mimi, hapo ndipo akili yake inaonekana: mashini aliiweka pale ambapo mkono wa mtu ungechelewa, ukuta akauachia watu.

Si kwamba aliogopa viwanda. Aliviamini kuliko Gandhi, ambaye alitaka kazi ya mikono ya vijijini, na hawakuelewana juu ya hilo.

Tusimfanye malaika. Bwawa lilizamisha vijiji, watu wakahamishwa. Na mwaka wa 1918 aliacha uongozi wa serikali ya Mysore, kwa sababu hakukubali nafasi za kazi zitengwe kwa tabaka za chini.

Alikufa mwaka wa 1962, amepita miaka mia moja. India inasherehekea mainjinia kila tarehe 15 Septemba, siku aliyozaliwa. Ukuta ungali umesimama, na majimbo ya Karnataka na Tamil Nadu yangali yanagombania maji ya Kaveri.